Mto wa Kiatu Hukaa Nyuma ya Maumivu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 44, naishi Mabibo. Nafanya kazi kiwanda cha nguo, upande wa pasi. Huko hatukai; ni kusimama juu ya saruji tangu asubuhi mpaka jioni, ukiondoa ile nusu saa ya kula. Huu mwezi wa nne unyayo wangu wa kushoto unaniuma kwa mbele, chini ya vidole. Si kisigino, wala si vidole vyenyewe. Nahisi kama nina kokoto ndani ya kiatu, nikivua kuangalia hakuna kitu. Jioni panawaka moto. Mwezi uliopita nilivaa mchuchumio kwenye kicheni pati ya binti wa dada yangu, nikarudi nyumbani viatu viko mkononi.

Pale Ubungo kijana mmoja aliniuzia vipedi vya jeli kwa shilingi 4,000, akaniambia niviweke pale pale panapouma. Nilivivaa siku tatu, maumivu yakazidi na vidole viwili vikaanza kufa ganzi. Nikavitoa. Sasa kila jioni nameza diklofenaki ya duka la dawa ili niweze kusimama kupika. Mama mkwe anasema ni baridi, nichovye miguu kwenye maji ya moto ya chumvi. Mwenzangu kazini anasema nimekanyaga kitu, nitafute mtu wa kunitoa. Mume wangu anasema nipunguze mwili.

Shangazi, hivi vipedi ni utapeli? Au mguu una ugonjwa mwingine? Kumwambia msimamizi naogopa, maana wanaoitaka nafasi yangu wako wengi pale getini.

Nyayo Zinawaka, Mabibo

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Miezi minne ya kupiga pasi huku mguu unawaka si jambo dogo, na nashukuru umeandika kabla hujazoea kuchechemea.

Nianze na vipedi. Si utapeli. Kijana wa Ubungo alikuuzia kitu chenye kazi yake, ila alikuelekeza pasipo. Mto wa mbele ya unyayo hauwekwi panapouma. Unawekwa nyuma ya panapouma, upande wa kisiginoni. Tofauti yenyewe ni upana wa kidole tu, na kwa ajili ya upana huo wanawake wengi wamenunua vitu hivi, wakavaa siku mbili tatu, wakavitupa chini ya kitanda na kusema havifai.

Usiku huu ukimaliza vyombo, kaa kwenye kigoda, pandisha mguu wa kushoto juu ya goti la kulia. Bonyeza unyayo kwa kidole gumba cha mkono ukianzia kwenye mizizi ya vidole, urudi nyuma polepole. Utakutana na safu ya vitu vigumu kama vijiwe vilivyopangwa. Hivyo ni vichwa vya mifupa mirefu ya unyayo. Mguu mmoja una mifupa 26, na hii mirefu ni mitano, kila kidole na wake. Ukibonyeza kijiwe cha pili au cha tatu, au ule upenyo kati ya cha tatu na cha nne, nadhani utaruka. Endelea kurudi nyuma kidogo. Vijiwe vinaisha, kidole chako kinazama kwenye nyama laini, kama umeshuka bondeni. Hapo ukibonyeza hushtuki. Basi mto unakaa hapo bondeni.

Kwa nini? Katika kila hatua upo wakati ambapo kisigino kimeshanyanyuka na mguu wa pili bado haujatua. Kwa kitambo hicho mwili wako wote umesimama juu ya vile vijiwe vitano vya mguu mmoja. Chini yake Mungu ametandika mafuta, yanakuwa kama godoro dogo, lakini godoro hilo huwa jembamba kadiri miaka inavyokwenda. Ukiweka jeli juu ya kijiwe chenyewe, ndani ya kiatu kinachobana, umekisukuma kijiwe juu mahali pasipo na nafasi. Ukiweka mto bondeni, mwili unaegemea nyuma ya vichwa vya mifupa, vichwa vinapunguziwa mzigo, na mifupa yenyewe inaachana kidogo.

Umewahi kubeba ndoo kichwani, unaijua kazi ya kata. Kitambaa kile hukukikunja fundo ukalisimamisha katikati ya utosi. Ulikizungusha duara, ndoo ikaegemea pembeni, utosi ukasalimika. Mto wa kiatu unafanya kazi ile ile, unahamisha mzigo kutoka penye maumivu kwenda penye nyama inayoweza kuubeba.

Hiyo ganzi ya vidole viwili nayo ina maelezo, ingawa mimi si daktari na siwezi kuukagua mguu kwa barua. Katikati ya mifupa hiyo hupita mishipa midogo ya fahamu inayokwenda vidoleni. Ule unaopita kati ya kidole cha tatu na cha nne hubanwa kirahisi kuliko mingine, hasa kwa wanawake. Ukibanwa muda mrefu huvimba, na mtu huhisi moto, ganzi, au hiyo kokoto unayoitafuta bila kuiona. Mwaka 1876 daktari wa Philadelphia, Marekani, aitwaye Thomas Morton, aliandika juu ya maumivu hayo hayo, na mpaka leo madaktari wanayataja kwa jina lake. Kwa hiyo hukuwazia wala hukudeka. Kokoto hiyo ipo, ila iko ndani ya mguu.

Sasa tuje kwenye kiatu, maana mto hauwezi kuokoa kiatu kibaya. Hukuniambia unavaa nini kazini, lakini dada wengi wa viwandani ninaowaona asubuhi kuelekea External huvaa vile viatu vyepesi vya chini, vya kutumbukiza mguu, mbele vimechongoka na soli ni nyembamba kiasi cha kuhisi mchanga. Wengi hudhani kiatu kisicho na kisigino kirefu hakiwezi kudhuru. Kinadhuru. Mchuchumio unakusukuma mwili wote mbele. Kiatu chembamba kinakuacha peke yako na saruji. Na vyote viwili, vikiwa vimechongoka, vinakusanya vidole pamoja kama abiria wa daladala ya Mabibo saa moja asubuhi.

Chukua karatasi, simama juu yake bila soksi, mtoto azungushe penseli kuufuata mguu. Kisha weka kiatu chako cha kazi juu ya mchoro ule. Mistari ikitokeza pande zote mbili za mbele, mwanangu, hicho kiatu hakijawahi kuwa cha kwako. Fanya hivyo jioni, maana mguu wa jioni umejaa kuliko wa asubuhi, na kiatu lazima kiutoshe mguu wa jioni.

Kinachokufaa ni raba au kiatu cha kufunga kamba, mbele kipana, soli nene kiasi, kisigino kisichozidi sentimita tatu au nne. Kikunje kwa mikono. Kiatu kizuri hukunjika pale vidole vinapokunjika. Kikikunjika katikati kama chapati, kirudishe. Kamba zina kazi pia, zinaushika mguu usiteleze kwenda mbele kila unapoinama mezani.

Najua mshahara wako haukupeleki dukani Mlimani City, na wala si lazima. Raba nzuri za mtumba zipo Manzese na Karume. Ila ukinunua mtumba toa soli ya ndani uiangalie kwenye mwanga kabla hujatoa hela. Utaona mashimo: hapa kisigino cha mtu, hapa kidole gumba chake, hapa vile vijiwe vyake vimechimba miaka miwili. Ukivaa hivyo hivyo unakanyaga kwenye nyayo za mtu mwingine, aliyekuwa na uzito wake na kilema chake. Hiyo soli ya ndani itupe. Kiatu chenyewe, kama soli ya chini haijalika upande mmoja, kichukue.

Na kuitupa ile soli ya ndani kunakupa kitu kingine, yaani nafasi. Hapa pia ndipo siku zako tatu zilipoharibikia. Ukichomeka mto juu ya soli iliyokuwepo tayari, kiatu kimeongezeka sakafu bila kuongezeka paa. Toa cha zamani, ndipo uweke kipya.

Vipedi vyako vya jeli usivitupe bado, lakini nina njia ninayoipenda zaidi, na ni rahisi. Nenda kwa fundi viatu, mmoja wa wale wanaokaa na mashine ya mkono karibu na soko. Mwombe akukatie soli mpya ya ndani, kisha akuchongee mto kutoka kwenye mpira mwepesi wa soli, ule usio laini sana. Sponji ya godoro usikubali. Ndani ya wiki moja itakuwa imelala kama karatasi. Unene uwe milimita tano hivi, sita ukizidi sana. Umbo lake wewe mkazi wa Mabibo hutashindwa kulieleza. Mwambie ni bibo lililopasuliwa nusu kwa urefu, likalazwa kifudifudi: upande mpana uelekee vidoleni, mwembamba uelekee kisiginoni, katikati pawe na kilima, na kingo zote zipigwe msasa mpaka zipotee. Upana wake utoshe kubeba vijiwe vitatu vya katikati. Ukingo ukibaki na ngazi, utakukata siku nzima.

Kabla fundi hajapaka gundi, weka alama. Hili nakuomba usiliruke. Tafuta kwa kidole ile sehemu inayouma kuliko zote, ipake lipstiki, doa dogo tu, au masizi ya sufuria kama lipstiki unaionea huruma. Vaa kiatu bila soksi ukiwa umeweka soli mpya ya ndani, funga kamba, simama, tembea hatua mbili, vua. Doa litakuwa limeachwa kwenye soli. Hapo ndipo maumivu yanapokanyaga. Sasa ukingo wa mbele wa mto uanze nusu sentimita mpaka sentimita moja nyuma ya doa hilo, kuelekea kisiginoni. Fundi abandike kwa gundi kidogo kwanza, au hata kwa plasta, chini ya soli ya ndani ili mto usihame. Utembee nao hapo hapo kwenye kibanda chake, uende mpaka kwa muuza ndizi na kurudi. Ukihisi kilima kigeni katikati ya mguu lakini kokoto imepungua, mko mahali pake. Ukihisi kokoto imekuwa kubwa, mto umekaa mbele mno; urudishwe nyuma kidogo, milimita mbili au tatu, mjaribu tena. Mkiridhika ndipo abandike moja kwa moja.

Siku ya kwanza vaa saa moja, ya pili saa mbili, uongeze hivyo mpaka siku nzima. Mguu uliozoea vibaya hulalamika kidogo ukirekebishwa, na hilo ni sawa. Lakini ganzi si sawa. Ganzi ikirudi, vua. Fanya miguu yote miwili, hata huo wa kulia usiouma, la sivyo utatembea kama mtu mwenye mguu mmoja barazani na mwingine kwenye ngazi.

Nafuu isipokuja baada ya wiki nne mpaka sita za kuvaa vizuri, uende hospitali. Usiendelee kubadilisha mito.

Kuna jambo tunalolisahau sisi tunaovua viatu mlangoni. Umetoka kiwandani na kiatu kizuri, mto umekaa bondeni, umefika nyumbani umevua, halafu unasimama saa mbili jikoni miguu mitupu juu ya saruji. Kazi yote ya mchana umeimwaga. Tafuta ndala nene za ndani, ambazo hazitoki nje, ziwe safi za kuvaliwa ndani tu. Mama mkwe akiuliza, mwambie ni dawa.

Na kila asubuhi kabla ya kutoka simama mbele ya ukuta, mikono ukutani, mguu mmoja nyuma umenyooka na kisigino kimegandamana na sakafu, uegemee mbele mpaka shavu la mguu livutike. Hesabu mpaka thelathini, mara tatu kila mguu. Shavu la mguu likikaza, kisigino hunyanyuka mapema katika kila hatua, na mzigo unawahi kufika mbele. Wengi waliovaa mchuchumio miaka mingi wana tatizo hilo.

Sasa hao washauri wako wa nyumbani.

Mume wako hajakosea kwamba uzito unaongeza mzigo, lakini huo ni mradi wa mwaka, na mguu unauma leo. Mwenye mguu unaouma hawezi kutembea apungue. Tuanze na kiatu, mwili utafuata. Ikiwezekana siku yako ya mapumziko yeye ndiye akusindikize kwa fundi. Akiliona lile doa la lipstiki ataelewa.

Mwenzako wa kazini anakutakia heri, najua. Ila maumivu yanayozidi ukisimama, yanayopungua ukikaa, yaliyoongezeka siku ile ya mchuchumio, yanakuonyesha yenyewe yalikotoka. Hela ya kutafutiwa mtu ipeleke kwenye raba.

Diklofenaki ya kila jioni iache. Dawa hiyo ikimezwa kila siku bila daktari inaweza kutoboa tumbo, kuumiza figo, na kupandisha presha. Maumivu yakizidi sana siku moja, paracetamol ni salama zaidi kwa kipimo chake. Chupa ya maji uliyoigandisha, uiviringishe chini ya unyayo dakika kumi na tano ukiwa umekaa na kitambaa katikati, inatuliza moto kwa wengi. Lakini hata hiyo chupa, pamoja na maji ya moto ya mama mkwe, nakusihi usiviguse kwanza. Sababu ndiyo nataka uisome vizuri.

Una miaka 44, miguu inawaka, vidole vinakufa ganzi. Kabla ya fundi, kabla ya lipstiki, nenda kapime sukari. Kuungua kwa nyayo na ganzi vinaweza kutoka kwenye kiatu, na vinaweza kutoka kwenye kisukari kinachoharibu mishipa ya fahamu kimya kimya. Kwa kawaida maumivu ya kisukari huanza miguu yote miwili, vidoleni, na huzidi usiku ukiwa umelala, tofauti na yako ya mguu mmoja yanayozidi ukisimama. Ndiyo maana nina matumaini. Lakini matumaini si kipimo. Zahanati nyingi zinapima kwa tone la damu la kidoleni.

Mama yangu mzazi alikuwa na kisukari. Alikuwa anauza samaki wa kukaanga Magomeni, mwanamke wa kusimama kama wewe. Jioni moja alirudi, akavua viatu, akapita ndani, nami nikaona matone ya damu kwenye mkeka yakimfuata. Kisumari cha soli kilikuwa kimetokeza ndani ya kiatu na kilikuwa kimemchoma tangu asubuhi. Alikuwa ameuza samaki siku nzima juu ya kisumari, na hakuhisi kitu. Nilipomwinua mguu kumwonyesha, aliutazama kama mguu wa mtu mwingine. Kile kidonda tulikiuguza miezi saba. Tangu siku ile sijavaa kiatu bila kupitisha mkono ndani kwanza, na nawe nakuomba uwe na tabia hiyo.

Kwa mtu ambaye mguu wake hauhisi, maji ya moto huunguza bila taarifa, na kipedi kilichokaa vibaya huchimba kidonda bila kulalamikiwa. Hapa Dar es Salaam Dkt. Zulfiqarali Abbas ametumia miaka mingi kutibu miguu ya wenye kisukari, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 alikuwa miongoni mwa walioendesha mpango wa Hatua kwa Hatua, uliofundisha madaktari na wauguzi wa mikoani kuukagua mguu na kuutunza kabla haujafika kwenye kisu. Na tiba ya ukoma ilishatufundisha zamani namna kiatu cha mguu usiohisi kinavyotengenezwa: tabaka la mpira laini ndani linaloulaza unyayo, na soli ngumu chini isiyopitisha mwiba wala msumari. Basi ukikutwa na sukari, mambo ya fundi wa sokoni yasimame. Wewe utahitaji kiatu na soli vilivyopimwa na mtaalamu.

Wataalamu hao wapo. Ukienda hospitali ya Sinza Palestina au Mwananyamala ukaeleza kama ulivyonieleza mimi, daktari anaweza kukupa rufaa kwenda Taasisi ya Mifupa, MOI, pale Muhimbili. Hospitali ya CCBRT, Msasani, nao wanatengeneza vifaa vya miguu. Wengi wa mafundi hawa wa tiba wamesomea TATCOT, chuo kilichoanza mwaka 1981 pale KCMC Moshi, ambacho hupokea wanafunzi mpaka kutoka nchi nyingine za Afrika. Wanaupima mguu wako wewe, wanautolea umbo, wanachonga soli ya mguu huo. Bei yake si ya machinga, lakini kwa mguu wenye tatizo la kweli ndipo pa kwenda.

Usisubiri wiki sita wala fundi ukiona mojawapo ya haya: uvimbe juu ya unyayo, upande wa migongo ya vidole, uliokuja ghafla baada ya kutembea au kusimama kuliko kawaida, kwa kuwa mfupa unaweza kupata ufa bila mtu kuanguka. Daktari wa jeshi la Prussia aliandika juu ya nyayo kama hizo za askari waliotembezwa mno, mwaka 1855. Au kiungo cha kidole gumba kikiwa chekundu, cha moto, hakigusiki hata na shuka; hiyo huenda ni jongo, na ina dawa yake. Au kidonda chochote kisichopona. Na sugu ukiiona chini ya unyayo usiikate na wembe. Loweka, sugua taratibu na jiwe la kusugulia miguu. Mzigo ukihama, sugu nayo hupungua.

Limebaki la msimamizi, na nimeliacha mwisho kwa sababu najua ndilo linalokunyima usingizi kuliko mguu.

Sitakwambia usiogope. Getini wapo, umewaona kwa macho yako. Lakini fikiri hivi: mfanyakazi anayechechemea anaonekana hata asiposema, na atakayeonekana kwanza ni yule anayepunguza idadi ya nguo. Usiende kulalamika peke yako. Ongea kwanza na wenzako wa meza za pasi. Nakuhakikishia si wewe peke yako unayevua kiatu chini ya meza ukidhani hakuna anayeona. Mkiwa wanne au watano, mwendeeni mwakilishi wenu wa chama cha wafanyakazi, TUICO, kama tawi lipo, ombeni kitu kidogo chenye jina: mkeka wa mpira wa kusimamia kila meza, na kibao kifupi chini ya meza cha kupandisha mguu mmoja kwa zamu. Mkeka wa mpira si gharama ya kukitikisa kiwanda. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imemwekea mwajiri jukumu la kulinda afya yenu hapo mnaposimama, na wakala wa serikali, OSHA, ndiyo inayoisimamia. Huna haja ya kuitaja sheria siku ya kwanza. Uijue tu, ukae nayo moyoni unapoongea, sauti yako itakuwa tofauti.

Wakati mnasubiri jibu, jipangie mwenyewe. Hamisha uzito, mguu huu, mguu ule. Ile nusu saa ya kula kaa, vua viatu, nyoosha vidole. Usiitumie kusimama kwenye foleni ya kununua chakula. Beba cha nyumbani.

Mchuchumio wako nao usiugawe kwa hasira. Uvae saa ya kuingia ukumbini na kupiga picha, ukiwa na makubadhi yako mapana kwenye mkoba, na ukishaketi mezani ubadilishe. Mama wa bibi harusi hatakuangalia miguu siku hiyo.

Kesho basi ni sukari. Ukipata jibu, niandikie, lolote litakalokuwa, na uniambie pia lile doa la lipstiki lilianguka chini ya kidole cha ngapi.

Shangazi yako